Traki Moja Moja: Kutoa Biti kwenye Gruvuboksi na Kuiingiza kwenye Kompyuta

Mwaka 1996 Roland waliingiza sokoni MC-303 na kuiita gruvuboksi. Ngoma, besi, kinanda na kipanga-biti vyote vilikaa ndani ya boksi moja lisilohitaji kompyuta. Mashine zilizofuata zimezidi kuwa ndogo na zenye uwezo, lakini usumbufu ni uleule: biti imekamilika, sasa unataka kiki iingie kwenye programu ya muziki peke yake, na besi peke yake.

Nimechomeka waya wa USB, kompyuta imeitambua mashine, lakini sauti haiingii. Kuna hitilafu?

Huenda hakuna. Waya wa USB unaweza kubeba vitu viwili tofauti, MIDI na sauti, na si kila mashine hubeba vyote. MIDI ni maagizo tu: noti ipi, lini, kwa nguvu gani. Circuit Tracks ya Novation hupitisha MIDI kwenye USB, ila sauti hutoka kwenye matundu mawili ya nyuma, kushoto na kulia, nawe uipeleke kwenye kadi ya sauti. Digitakt ya Elektron, ile ya kwanza ya mwaka 2017, ni tofauti: ukiweka programu yao ya Overbridge kwenye kompyuta, traki zake nane huingia kila moja kwa njia yake, pamoja na mchanganyiko mkuu. Nayo MPC One ya Akai hukuwezesha kuandika kila traki kuwa faili ndani ya mashine yenyewe, kisha ukazihamisha kwa kadi ya SD. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma ukurasa wa matundu na USB kwanza. Idadi ya sauti zilizomo ndani isikubabaishe.

Yangu ina matundu mawili tu. Nifanyeje?

Utarekodi kwa zamu. Wengi hunyamazisha traki zote isipokuwa moja, wakarekodi, wakarudia. Inawezekana, ila kila mzunguko huanza mapema au kuchelewa kidogo, na mwishoni una traki sita zinazogombana.

Tumia pande mbili za sterio kama njia mbili za mono. Sukuma kiki yote kushoto na besi yote kulia, urekodi kwenye traki mbili za mono. Mzunguko wa pili, kiki ibaki palepale kushoto na snea ije kulia. Endelea hivyo hadi zote ziishe. Kila mzunguko sasa una kiki ileile kama alama: kuza picha ya wimbi, sogeza jozi nzima hadi pigo la kwanza la kiki likae sawa na la mzunguko wa kwanza, kisha futa kiki za ziada. Dilei na riverbu zizimwe kabla, la sivyo mkia wa kiki utavukia upande wa pili na hutaweza kuutoa.

Saa ya MIDI niiwashe au niizime?

Walimu wengi watakuambia kompyuta iwe kiongozi daima. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Saa ya MIDI hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na kompyuta iliyoelemewa huzituma kwa kutetereka. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika pengine hutasikia. Kwenye singeli inayofika 200, ambako robo ya pigo ni milisekunde 75 tu, sikio linashtuka. Ikiwa unarekodi kwa zamu, jaribu kuiacha mashine ifuate saa yake ya ndani. Traki zitapatana zenyewe kwa zenyewe, hata zikiachana kidogo na mistari ya kompyuta. Ikiwa utaongeza ala za kompyuta juu yake, hapo washa, na ufunge programu nyingine zote.

Nimerudia mara mbili na hai-hati hazifanani. Kwa nini?

Angalia kama umezipa noti zako bahati nasibu. Mashine nyingi za siku hizi hukuruhusu kuagiza noti ilie kwa uwezekano wa asilimia 50, au mzunguko mmoja kati ya minne. Ukirekodi kwa zamu, snea ya mzunguko huu haimjui rafiki yake wa mzunguko ule. Yale majibizano uliyoyapenda hayapo tena. Hapo hakuna ujanja: ama uzirekodi zote kwa pamoja kwa USB, ama uzime bahati nasibu.

Traki zimeingia vizuri, lakini biti imepoa. Kwenye mashine ilikuwa nzito.

Swali hili ndilo la maana kuliko yote. Kwenye Digitakt, riverbu, dilei na kompresa kuu husikika kwenye mchanganyiko mkuu tu. Traki binafsi hutoka kavu. Ule uzito ulikuwa wa kompresa inayobana kila kitu kwa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza: rekodi mchanganyiko mkuu pamoja na traki, kila mara, hata kama unaamini hutauhitaji. Mara nyingi mimi hubaki na mchanganyiko huo kama mwili wa wimbo, nikachukua kiki na besi tu za pembeni kuziongezea nguvu. Atakayechukua traki kavu peke yake ajiandae kuijenga biti upya.

Nirekodi kwa sauti kubwa kiasi gani?

Kilele kikae karibu desibeli 12 chini ya kikomo. Ukirekodi kwa kina cha biti 24 (bit za kidijitali, si biti ya muziki) bado una nafasi tele. Mambo ya kusukuma mpaka taa nyekundu yaache.

Diski yangu itatosha?

Traki nane za mono, biti 24 na kilohezi 48, kwa dakika tano ni kama megabaiti 346. Itatosha.