SOMO LA MWEZI: MAWE MAWILI MFUKONI

Yasomwe: Kumb. 25:13-16, Law. 19:2, 35-36, 1 Yoh. 1:8–2:2 na 3:4-10.



Sisi tukaao Mchafukoge twaishi katikati ya vipimo. Toka maduka yetu hata soko la Kariakoo, tangu alfajiri watu hupima mchele, nyama, dagaa na vitambaa. Basi na tulitazame neno la Mungu juu ya vipimo, kwani ndani yake mna fundisho juu ya dhambi isiyotaka kututoka.

1. Utakatifu hufika sokoni. Katika Walawi mlango wa 19 Bwana awaagiza Israeli wawe watakatifu kama yeye. Wengi wakisikia hivyo huwaza madhabahu. Lakini mlango uo huo waishia katika mizani ya haki. Hata Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, aliifafanua Amri ya Saba kwa kuonya juu ya bidhaa za uongo.

2. Kuanguka si kukaa. Yohana asema kwamba tukijidai hatuna dhambi twajidanganya; kisha asema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Je, ajipinga? Sivyo. Hapo pa pili anena habari za mtu adumuye katika dhambi. Muuzaji aliyepunja kwa tamaa ya saa moja, akajuta na kurudisha, ameanguka. Aliyegonga kitako cha sado kikaingia ndani, akaipimia kila siku, huyo amekaa.

3. Jiwe lisiwemo. Tazameni sana: Musa hasemi tu, usipime kwa jiwe la uongo, asema lisiwemo mfukoni mwako, wala nyumbani mwako. Mbona? Kwa sababu jiwe lililohifadhiwa hungoja siku ya shida. Hapo ndipo tushindwapo wengi. Twaungama Jumapili, na jiwe lingali mfukoni. Mmoja aacha uzinzi, lakini ahifadhi nambari ya simu ya hawara. Nasi wachungaji twaweza kuhubiri upatanisho, huku tumefungia moyoni kinyongo cha miaka mingi. Mkaguzi wa Serikali hukagua mizani iliyo mezani. Ya mfukoni Bwana huyaona.

4. Jiwe latupwaje? Si kwa nguvu zetu. Zakayo hakurudisha fedha ndipo Yesu akaja kwake, Yesu alikuja kwanza, kisha Zakayo akaahidi kurudisha mara nne (Luk. 19:1-10). Neema haituachi na jiwe, hutufumbua mkono. Naye aliyelitupa akaanguka tena asikate tamaa, kwani tunaye Mwombezi kwa Baba. Na arudie ubatizo wake, mtu wa kale azamishwe kila siku.

Walimu, waulizeni watu wenu, nanyi mjiulize kwanza:
(a) Ni dhambi gani tuiungamayo sikuzote bila kukitupa chombo chake?
(b) Ni nani tuliyempunja, naye hajarudishiwa?

Bwana mwenyewe atutakase. Amin.