Siku ya Mwisho ya Likizo



Mwezi huu tuzungumze juu ya siku moja ambayo familia nyingi huisahau zinapopanga likizo, nayo ni siku ya kurudi nyumbani. Siku ya kwenda tunaijua. Watoto huihesabu kwa vidole. Baba hutafuta nauli, mama hufua na kupiga pasi, na kila mtu huamka kabla ya jogoo. Lakini siku ya kurudi huachwa ijipange yenyewe, nayo haijipangi. Wengi wetu tumegombana siku hiyo kuliko siku nyingine zote za likizo. Kisha tumefika nyumbani tumenuniana, na watoto hawaelewi kosa lao ni lipi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana mwalimu asiyekiri kosa lake hafundishi vizuri.

YALIYOTUPATA LIKONI

Mwezi wa Agosti mwaka 2015, mimi na mke wangu tulitoka Voi na watoto wetu watatu, tukaenda Msambweni kwa dada ya mke wangu. Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka 8, wa pili miaka 4, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Tulikaa juma zima. Watoto walicheza mchangani kutwa. Siku moja tuliwapeleka Diani, wakaona mbega wakivuka barabara juu kwa juu, kwa ngazi za kamba walizofungiwa ili wasikanyagwe na magari. Ilikuwa likizo nzuri mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi ile niliondoka na mwanyumba wangu kwenda ufukweni kuwatazama wavuvi wakirudi. Nilimwahidi mke wangu kwamba saa tatu nitakuwa nimerudi. Nilirudi saa tano, nimebeba mfuko wa korosho na samaki wa kukaanga wa kuwapelekea majirani. Nilikuwa nimegusa fedha za nauli, nikijiambia kwamba tutajibana njiani. Nilimkuta mke wangu uani, mtoto mgongoni, akianua nguo ambazo hazijakauka. Mabegi yalikuwa wazi. Mtoto wa pili alikuwa analia, hataki kuoga. Nami nikauliza, "Mama watoto, mbona bado?"

Akanitazama, akasema mbele ya dada yake, "Baba watoto, likizo ilikuwa yako. Mimi nilihamisha jiko tu, likatoka Voi likaja Msambweni."

Badala ya kunyamaza na kushika begi, nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye akajibu. Shemeji yangu akaingia ndani. Mwanyumba akajifanya anatengeneza baiskeli yake. Tuliondoka bila kuaga vizuri, na ndani ya matatu, kutoka Msambweni hadi Likoni, mwendo wa kilomita 50 hivi, hatukusemezana neno.

Wanaoijua Likoni wanajua palivyo. Matatu huishia pale. Unashuka, unangojea kivuko pamoja na umati, na lango likifunguliwa watu huteremka kwa haraka. Mimi nilitangulia na mabegi, nimemshika mkono mtoto wa kwanza. Mke wangu alipita upande wa pili wa umati, mdogo mgongoni. Kila mmoja wetu alidhani kwamba mtoto wa kati yuko na mwenzake. Siku nyingine tungeulizana. Siku ile hatukuwa tunaulizana kitu.

Tulipokutana chini, karibu na kivuko, mke wangu aliitazama mikono yangu. Sitausahau uso wake. Niliangusha mabegi, nikarudi mbio nikipingana na watu waliokuwa wanateremka. Nilikuwa nafikiria maji tu. Watu wa pwani hawajaisahau ajali ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilipopinduka na watu 272 wakafa.

Mtoto alikuwa amesimama juu, karibu na lango, ameshikwa mkono na mama mmoja muuza njugu. Mama yule hakunigombeza. Alisema hivi: "Nilimuuliza, baba yako yuko wapi? Akanionyesha upande huu. Nikamuuliza, na mama yako? Akanionyesha upande ule. Hakujua amfuate nani, ndiyo maana akasimama."

Kivuko kile kiliondoka bila sisi. Tulikaa kungojea kingine, na hapo ndipo nilipomwomba mke wangu msamaha, mbele ya watoto wale wale waliosikia nikimtolea maneno mabaya. Naye aliniomba msamaha kwa kunisema mbele ya dada yake. Korosho zile tulimwachia muuza njugu. Alicheka, akasema yeye ndiye anayeuza.

KWA NINI SIKU HII HUWA NGUMU

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimezungumza na wana ndoa wengi katika jumuiya zetu, na nimeona kwamba mambo yale yale hurudi.

Kwanza, fedha zimekwisha. Siku ya kwanza tulinunua madafu bila kuuliza bei, na siku ya mwisho tunagombana kwa sababu ya soda moja.

Pili, kazi ni nyingi na humwangukia mtu mmoja. Kufua, kukunja, kuogesha, kupika chakula cha njiani, kutafuta kiatu kilichopotea. Kama mama amefanya kazi hizo juma zima huku wengine wakipumzika, siku ya mwisho ndiyo siku uchungu wake unapotoka mdomoni. Usimwambie kwamba ameanza ugomvi. Ulianza siku nyingi, wewe hukuusikia.

Tatu, kila mtu yuko mahali pake. Baba mawazo yake yamekwisha kufika kazini. Mama anafikiria karo na nyumba iliyofungwa juma zima. Watoto bado wako baharini. Mtoto mdogo hawezi kusema, "Nina huzuni kwa sababu tunaondoka." Yeye hulia kwa sababu ya kiatu, au hukataa kuoga. Sisi tunaona utundu, kumbe ni huzuni.

Labda utasema, siku moja mbaya haiwezi kuharibu siku sita nzuri. Lakini mwisho wa jambo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, alichapisha na wenzake jaribio moja mwaka 1993. Watu walitia mkono katika maji baridi sana kwa sekunde 60. Mara nyingine walitia mkono mwingine kwa sekunde 60 zile zile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa moto kidogo, ingawa bado yalikuwa baridi. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu. Waliteseka muda mrefu zaidi, lakini mwisho wake ulikuwa mwepesi, na mwisho ndio waliobaki nao. Basi, na mtoto wako atabaki na nini? Mbega wa Diani, au baba na mama wasiosemezana?

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Wekeni nauli ya kurudi kando kabla ya kuondoka nyumbani. Ifungwe katika bahasha yake, pamoja na fedha za chakula cha njiani, na aiweke yule ambaye ni mgumu wa kutoa. Katika nyumba yetu huyo si mimi. Bahasha hiyo haiguswi kwa ajili ya zawadi, hata kama samaki ni mnono namna gani.

2. Kaeni pamoja usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto wakishalala, robo saa inatosha. Semeni nani ataogesha nani, nani atafunga mabegi, saa ngapi mtatoka. Ahadi ya saa tatu iwe saa tatu. Nguo zifuliwe siku moja kabla, maana hewa ya bahari haikaushi upesi. Zile zilizobaki mbichi zipatieni kikapu au gunia lake. Kumbukeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

3. Ulizeni habari za maji kabla ya kuwaahidi watoto bahari. Sisi tunaotoka bara hatujui jambo hili. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja hivi, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo, kama siku mliyofika watoto waliogelea saa nne maji yakiwa yamejaa, baada ya siku saba, saa nne ile ile, mtayakuta yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huenda mbali zaidi. Mtoto aliyeahidiwa kuogelea mara ya mwisho, akakuta mchanga na miamba, atalia mpaka Likoni. Mvuvi yeyote atawaambia saa ya maji.

4. Wapeni watoto nafasi ya kuaga. Waende wakawape mkono mama mdogo na baba mdogo, na majirani waliocheza na watoto wao. Waende wakaiage na bahari pia, hata kwa dakika kumi. Wakitaka ukumbusho, wachore picha au wasimulie. Kombe na matumbawe yaachwe mahali pake. Katika hifadhi za bahari kama ile ya Kisite, karibu na Shimoni, kuyachukua hakuruhusiwi. Nanyi wazazi, waageni wenyeji wenu kwa shukrani. Mwenyeji aliyewalisha juma zima hastahili kubaki na kelele zenu.

5. Njiani, kila mtoto awe na mtu wake anayejulikana. Msiseme, "Tutawaangalia." Semeni kwa jina: huyu ni wangu, huyu ni wako, na mkubwa atashika begi hili. Kabla ya kushuka kwenye matatu, na kabla ya lango la kivuko kufunguliwa, ulizaneni tena. Hata kama mmekasirikiana, neno hilo moja lisemwe. Siku hizi wenye magari wanaweza kupita barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka Likoni, lakini sisi wa miguu bado njia yetu ni kivuko. Na wale wanaowahi gari la moshi pale Miritini, lililoanza safari zake mwaka 2017, watoke mapema. Mwenye haraka hahesabu watoto.

6. Jioni mkifika, msilale na kinyongo. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso juu ya hasira inayovuka machweo ya jua. Mabegi yanaweza kungoja mpaka kesho. Pikeni kitu chepesi, ketini pamoja, na kila mtoto aseme alichokipenda. Kisha mshukuru Mungu kwa kuwafikisha salama. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisisitiza maneno matatu ambayo hayafai kukosekana nyumbani, nayo ni la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba radhi. Mimi naongeza kwamba siku ya kurudi kutoka likizo mtayahitaji yote matatu kabla ya saa sita mchana.

NENO LA MWISHO KWA WAUME

Mwaka 2016 tulirudi Msambweni. Usiku wa mwisho nilimuuliza mke wangu ni kitu gani hakukipata katika likizo ile. Akasema, "Sijakaa ufukweni bila mtoto." Asubuhi alikwenda na dada yake wakakaa saa nzima, wakizungumza mambo ambayo sikuyauliza. Mimi na mtoto mkubwa tulifunga mabegi, nami nikawaogesha wale wawili. Nguo nilizikunja vibaya sana. Aliporudi aliziona, akacheka kidogo, akafunga zipu bila kusema neno.

Tulipofika Likoni, alimshika mkono yule wa kati kabla sijauliza. Akaniambia, "Huyu ni wangu. Wewe shika wako." Likizo ile watoto bado wanaisimulia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

(Kila mmoja ajibu kwanza peke yake, kisha mbadilishane majibu bila kukatizana.)

1. Katika safari yetu iliyopita, ni nani aliyepumzika, na ni nani aliyehamisha jiko tu?

2. Siku ya mwisho, ni neno gani nililosema mbele ya watoto au ya wenyeji ambalo ningependa kulirudisha? Je, nimeliombea msamaha?

3. Watoto wetu wadogo huonyeshaje huzuni? Sisi huwajibu namna gani?

4. Safari ijayo, nani ataweka bahasha ya nauli? Nani atamshika mtoto yupi?

5. Ni saa gani moja ya siku ya mwisho ambayo mume atampa mke, au mke atampa mume, iwe yake peke yake?

Mwenyezi Mungu awape safari njema, na awarudishe nyumbani mkiwa mmeshikana mikono.