SOMO: KUTEMBEA MLIMANI, AU MTU WA NYUMA NDIYE ANAPIMA NJIA



Mu gazeti hili sisi makapita wa mwaka wa mwisho tunawaletea somo juu ya kutembea mlimani. Wengine watasema: mitihani ya Serikali iko karibu, na ninyi mnatufundisha kutembea? Ndiyo. Kuna jambo lilitupata, na tusipoliandika, wadogo wetu watalirudilia kisha sisi kuondoka.

1. Jambo lililotupata

Siku ya posho moja ya kiangazi, jua likiwa katikati, tulitoka internati kwenda kupanda vilima vya nyuma ya misheni. Tulihesabu hivi: kwenda ni kilometa 10, mtu anatembeaka kilometa 5 kwa saa moja, basi masaa mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Mbele ya jua kushuka tutakuwa kwa meza ya bukari. Hakuna mtu aliyeandika majina.

Kupanda peke yake kulikula masaa matatu na nusu. Wakati wa kurudi, wenye miguu mirefu walitangulia, na sisi makapita tulikuwa mbele yao wote. Tulipofika mlangoni giza ilikuwa imeingia. Mmoja alisema tulikuwa watu 22, mwingine alisema 23, wakabishana. Ni kwa chakula tu tuliona sahani moja imebaki imejaa. Mtoto mmoja wa mwaka wa pili hakuwako.

Tulirudi na torshi mbili, tukiita jina lake. Tulimkuta karibu na tanuru ya makala. Nkambo mmoja, mchomaji wa makala, alikuwa amemfunika koti lake. Kisigino cha mtoto kilichubuka mpaka damu. Alituambia: «Yaya, niliita, niliita, hamukusikia.» Yule nkambo hakutugombeza. Alituuliza tu: «Bana bangu, muko bangapi?» Tukaangaliana. Akasema: «Hamujue hesabu yenu? Basi haiko huyu mutoto tu alipotea. Mulipotea bote.»

Neno lile lilituingia. Tukaanza kutafuta kujua: wale wanaotembea mlimani siku tano ao sita, wanafanyaka namna gani?

2. Njia ya Ruwenzori

Inchi yetu iko na mlima ambao wachache kati yetu wanaujua. Ni Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda. Upande wetu uko ndani ya Parki ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert. Kilele chake, Margherita, kina meta 5,109. Ni cha tatu mu Afrika, nyuma ya Kilimanjaro (5,895) na mlima Kenya (5,199). Mu mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika juu pamoja na watu wake, wakipandia upande wa Uganda.

Upande wa Kongo, njia inaanza Mutwanga, mu Kivu ya Kaskazini. Hapana kukimbia. Siku ya kwanza mtu analala Kalonge, karibu meta 2,100. Siku ya pili Mahangu, karibu meta 3,300. Siku ya tatu Kiondo, kupita meta 4,000. Kila pahali palijengwa nyumba ndogo ya kulala. Kwenda na kurudi kunamaliza karibu siku sita. Kwanza unapita pori kubwa, kisha mianzi, kisha miti iliyovaa ndevu za ukungu, kisha maua ya lobelia na senesio marefu kuliko mtu, na mwisho mawe na barafu. Barafu ile inapunguka mwaka kwa mwaka, sababu ya joto la dunia.

Wageni hawakuwa wanapanda peke yao, walikuwa na viongozi na wachukuzi wa pale chini, wengi wao Wanande, wanaojua matope ya njia. Kwa miaka hii vita vya Beni vimefanya pale kuwa pa hatari, na wageni hawaendi tena kama zamani. Tena walinzi wa parki zaidi ya 200 wamekufa mu kazi yao. Tuwakumbuke wakati tunajivunia parki zetu.

3. Kwa nini polepole?

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwa meta 5,000, nguvu ya hewa ni kupita kidogo nusu ya ile ya pembeni ya bahari. Ugonjwa wa mlima unaweza kuanza kupita meta 2,500: kichwa kinauma, chakula kinarudi, usingizi unakimbia. Hauchagui mwenye nguvu. Mara nyingi kijana anayejiona ngangari ndiye anaanguka mbele, sababu alikimbia.

Kipimo cha waganga ni hiki: kupita meta 3,000, usilale meta zaidi ya 500 juu ya pahali ulipolala jana. Kutoka Mahangu mpaka Kiondo kunapita kipimo hiki, basi pale mtu ajichunge sana. Anayeumwa asipande tena. Akizidi kuumwa, ashuke mara moja, hata kama ni usiku, na mwenzake ashuke naye.

Baridi nayo iko na hesabu: kila meta 1,000 za kupanda, joto linapunguka karibu digrii 6. Ukitoka na digrii 25, ukapanda meta 3,000, utakuta digrii 7 tu.

4. Hesabu ya masaa

Vilima vyetu si virefu vile, hewa haitatupungukia. Lakini masaa yanatupungukia. Mu mwaka 1892 mtu wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu hii: saa moja kwa kila kilometa 5, na tena saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Kutoka Kalonge mpaka Mahangu ni meta karibu 1,200 za kupanda. Hizo peke yake ni masaa mawili, mbele ya kuhesabu kilometa.

Turudi kwa safari yetu: kilometa 10 ni masaa mawili, na kupanda meta 300 ni nusu saa. Jumla ni masaa mawili na nusu, tena kwa mtu mzima, mwenye nguvu, asiyepumzika. Weka wadogo, weka kiu, weka kisigino cha yule mtoto, na utafika kwa matatu na nusu. Sisi tulihesabu miguu yetu, hatukuhesabu ya wadogo.

5. Karatasi ya Wajapani

Inchi ya Japani iko na parki ya milima inayoitwa Chubu Sangaku, tangu mwaka 1934. Watu wanatembea siku nyingi toka nyumba ya kulala moja mpaka nyingine, na wengi wanapenda kupanda kilele cha Yari, meta 3,180. Mbele ya kupanda, mtembezi anajaza karatasi: majina ya wote, njia watakayofuata, usiku watakapolala, siku ya kurudi. Anaiacha mu sanduku mwanzo wa njia, ao kwa polisi. Wasiporudi, watafutaji wanajua pa kuanzia. Tena wanaondoka asubuhi mapema sana, wafike mbele ya radi za kisha mchana. Karatasi ile haina bei. Sisi tulikuwa na kaye na kalamu, na hatukuandika.

6. Tunayowaomba

a) Andikeni majina, njia na saa ya kurudi. Karatasi ibaki kwa msimamizi wa internati.
b) Mhesabiane mkitoka, kwa kila kivuko cha maji, na mkigeuka kurudi.
c) Kapita mmoja atembee nyuma kabisa, asipitwe na mtu.
d) Wekeni saa ya kugeuka. Ikifika, mgeuke hata kama kilele kiko karibu.
e) Kiatu kikianza kuuma, sema pale pale. Hapana haya.

Somo hili si jipya. Mu Mwanzo sura ya 33, Esau alitaka waende pamoja, lakini Yakobo alimwomba atangulie, sababu yeye atakwenda kwa mwendo wa watoto na wa nyama wachanga.

Labda siku moja mtu wetu atatembea Upemba, parki ya tangu 1939, ao Kundelungu ya 1970, aone maji ya Lofoi yakianguka zaidi ya meta 300. Aende na karatasi yake.

Maswali

1. Njia ni kilometa 15 na kupanda meta 900. Kwa hesabu ya Naismith ni masaa mangapi?
2. Mwenzako anaumwa kichwa na kutapika kwa meta 3,300. Utafanya nini, na nani atabaki naye?
3. Darasa lenu muko wangapi leo? Jibu bila kuangalia kaye.