CHORA BOKSI LAKO LIONEKANE LIMESIMAMA, KABLA HUJALIPA MCHAPAJI

Somo la leo ni la kompyuta, lakini linahusu hela yako.

Nianze na langu. Niliwahi kuchapisha maboksi 150 ya kahawa ya kusaga. Mchoro niliuona kwenye kioo cha kompyuta ukiwa bapa, umetandazwa kama kanga kwenye kamba, nikaupenda, nikalipa. Maboksi yalipokuja na kukunjwa, jina likavunjikia kwenye kona. Mbele ikasomeka KAHAWA YA MBO, ile ZI imeenda ubavuni. Mteja wangu wa upande wa Nakonde akaligeuza boksi, akaniuliza, "Dada, Mbo ndiyo wapi?" Nilicheka naye, ila nyumbani sikucheka. Mchapaji hakuwa na kosa, alichapa nilichompa.

Kama ningelichora boksi likiwa limesimama, lenye mbele, ubavu na juu, ningeliona kosa lile bure. Ndicho tunachojifunza leo.

UNAHITAJI NINI
Kompyuta yoyote inayofanya kazi vizuri, hata ya steshenari, na programu ya GIMP. Programu hii hailipiwi. Waliianzisha wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1995, na mpaka leo unaipakua bure. Majina ya menyu nimeyaandika kama utakavyoyaona kwenye kioo.

KWANZA ELEWA JICHO
Simama kwenye reli ya TAZARA hapa Tunduma uangalie mbali (treni isiwepo jamani). Upana kati ya vyuma viwili ni milimita 1,067 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, haubadiliki. Lakini jicho linakuambia kule mbele vinakutana. Foleni ya malori ya boda ni hivyo hivyo: lililo karibu ni kubwa, la mwisho kama kiberiti.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: kilicho karibu ni kirefu, kilicho mbali ni kifupi. Kona ya boksi iliyo karibu nawe ndiyo mstari mrefu kuliko yote.

HATUA YA 1: PIMA
Chukua rula, pima boksi halisi. Tuseme mbele ni upana sm 10, ubavu sm 6, kimo sm 18. Kila sentimita moja ihesabu pikseli 50. Tengeneza picha tatu bapa:
- Mbele: 500 kwa 900
- Ubavu: 300 kwa 900
- Juu: 500 kwa 300
Kama mchoro wako tayari uko kwenye karatasi moja iliyotandazwa, ukate kwenye mistari ya mkunjo. Usikwepe mkunjo ili kuokoa herufi! Hapo ndipo kosa linapojificha.

HATUA YA 2: ZIPANGE
Fungua ukurasa mpya wa pikseli 1400 kwa 1400, rangi nyeupe. Ingia File, kisha Open as Layers, ulete zile picha tatu. Kila moja itakaa kwenye leya yake, kama karatasi zilizolaliana. Ukikosea moja, nyingine haziguswi.

HATUA YA 3: VUTA KONA
Chagua leya ya mbele, bonyeza Shift na P. Hicho ni kifaa cha Perspective. Picha itatokea na vishikio kwenye kona zake nne. Vuta kila kona ukiangalia namba chini ya dirisha: ya kwanza inahesabiwa kutoka kushoto, ya pili kutoka juu.

Mbele:
- kushoto juu 420, 350
- kulia juu 850, 400
- kulia chini 850, 1300
- kushoto chini 420, 1180

Ubavu:
- kushoto juu 850, 400
- kulia juu 1010, 350
- kulia chini 1010, 1180
- kushoto chini 850, 1300

Juu:
- kushoto juu 600, 307
- kulia juu 1010, 350
- kulia chini 850, 400
- kushoto chini 420, 350

Kila upande ukimaliza, bonyeza Enter. Angalia: kona ya karibu ina pikseli 900, za mbali zimebaki 830. Tofauti ndogo hiyo ndiyo inayolisimamisha boksi. Ukiizidisha, boksi litaonekana kama jengo la ghorofa.

HATUA YA 4: MWANGA
Boksi lenye rangi sawa pande zote linaonekana karatasi tu. Amua jua linatoka wapi, tuseme kushoto. Chagua leya ya ubavu, ingia Colors, kisha Brightness-Contrast, punguza mwanga kidogo. Ya juu iongezee kidogo. Mbele iache ilivyo. Hapo boksi litanyanyuka lenyewe.

HATUA YA 5: HIFADHI MARA MBILI
Save inakupa faili la XCF, hilo la kurekebisha baadaye. Export As inakupa PNG, hiyo ya kumtumia mteja WhatsApp.

SASA LIKAGUE
Usiangalie uzuri, angalia haya:
1. Jina linasomeka lote mbele, bila kugeuza boksi?
2. Uzito na namba ya simu vimekaa upande unaoonekana?
3. Maandishi ya juu hayajapinduka?
4. Kuna herufi inayogusa mkunjo?

Kisha chapa zile bapa kwenye karatasi ya kawaida, kunja, bandika kwa gundi, weka mezani. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na maboksi 150.

Na tuwe wakweli. Boksi la gramu 250 usilichore likaonekana la kilo. Nembo ya ubora ya TBS usiibandike kwenye mchoro kama hujapewa leseni ya kuitumia, hata kama "ni picha tu". Mteja wa ng'ambo ya boda ananunua kwa kuamini picha, na akidanganyika mara moja harudi.

Mwenye kopo la asali au bidhaa yoyote ya duara: GIMP ina Filters, Map, halafu Map Object. Chagua Cylinder, lebo yako itazungushwa kwenye umbo la kopo. Hilo tutalifanya somo lijalo.

Jaribu leo, tuma boksi lako hapa tulikague pamoja. Na mwenzako anayetaka kuchapisha wiki hii, mshirikishe kabla hajalipa.