Sare na Vifaa vya Askari wa Dar es Salaam, Agosti 1914: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvaa kama askari wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, yaani Schutztruppe, kwenye igizo la kihistoria, tamasha la shule au filamu. Ukifuata hatua zote 10 kwa mpangilio utapata seti moja kamili. Karibu kila kitu unaweza kukipata kwa miguu jijini Dar es Salaam: vitambaa Mtaa wa Uhuru, mafundi cherehani kwenye baraza za Mchafukoge na Kariakoo, mafundi bati Gerezani. Usiruke hatua, kwa sababu hatua nyingi hutumia yaliyohakikiwa katika hatua zilizotangulia.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu, mwanzo hadi mwisho:

- Mhusika: askari mmoja mwenye cheo kimoja, mahali pamoja na tarehe moja.
- Picha Rejea: picha halisi ya wakati wa Mhusika, ambayo ndiyo mwamuzi wa kila ubishi.
- Orodha: daftari lenye safu nne: kifaa, Picha Rejea inayokionyesha, kipimo, na alama ya kuhakikiwa.

Vifaa vya kazi: futi ya fundi ya sm 150, rula ya sm 30, chaki ya fundi, kalamu ya risasi, kiberiti, kibanio cha chuma, bakuli la maji, na Orodha.

Hatua ya 1. Amua Mhusika.

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa Orodha: "Askari wa kawaida, Dar es Salaam, Agosti 1914." Usibadilishe sentensi hii baadaye. Tarehe ndiyo inayoamua nguo. Vita vilianza Agosti 1914. Baadaye manowari za Waingereza zilifunga pwani, bidhaa za Ulaya zikaadimika, na nguo za jeshi zikawa zinafumwa hapa nchini na kutiwa rangi ya mimea. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Mwaka 1917 waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles (KAR) kwa kutumia askari waliokuwa wa Wajerumani. Kwa hiyo mtu yuleyule angeweza kuvaa sare mbili za majeshi mawili yaliyopigana, katika vita hivyo hivyo. Anayechanganya vipande vya mwaka 1914 na vya mwaka 1917 amemvika mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Hakikisha pia kwamba mahali pa igizo panaafikiana na tarehe. Kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza pale Kariakoo ni ya baada ya Septemba 1916. Mhusika wako hawezi kuonekana ndani yake.

*Ukaguzi:* sentensi ina cheo, mahali, mwezi na mwaka. Kikikosekana kimoja, usiendelee.

Hatua ya 2. Omba ruhusa.

Fanya hivi kabla ya kutumia hata shilingi moja. Sheria ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo bila idhini. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Kwa hiyo:

a) Usinunue kitambaa chochote cha mabaka, hata cha begi.
b) Andika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ambamo igizo litafanyika. Taja tarehe, saa, eneo, idadi ya washiriki, na kwamba bunduki ni ya mbao tupu. Ambatanisha nakala ya Picha Rejea mara utakapoipata katika Hatua ya 3.
c) Peleka nakala ofisi ya serikali ya mtaa.

*Ukaguzi:* una majibu ya maandishi yanayokubali. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa inathibitisha kwamba barua imefika tu. Usiihesabu kuwa ruhusa. Wakati unasubiri majibu, fanya Hatua ya 3 na ya 4 pekee.

Hatua ya 3. Chagua Picha Rejea tatu.

Tafuta moja ya mbele, moja ya ubavuni na moja ya mgongoni. Anza na picha za Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani aliyefanya kazi katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha zake zimo katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na nyingi zinaonekana bure kwenye intaneti. Kubali picha ikiwa tu maelezo yake yanataja Afrika Mashariki ya Kijerumani na mwaka usiozidi 1914. Askari wa Kijerumani wa Kamerun au wa Afrika ya Kusini Magharibi hawakubaliki.

Usitumie Sanamu ya Askari iliyopo Barabara ya Samora kama Picha Rejea. Ilizinduliwa mwaka 1927, ilichongwa na James Alexander Stevenson, na inamkumbuka askari wa upande wa Waingereza. Imesimama mahali ilipokuwa sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann wakati wa Wajerumani.

Chapisha picha zote tatu kwenye karatasi ya A4. Hesabu na uandike katika Orodha: vifungo vya koti, mifuko ya koti, mikoba ya risasi kwenye mkanda, na aina ya viatu. Picha hizi hazina rangi. Usikisie rangi kutokana na weusi au weupe wake.

*Ukaguzi:* mtu wa pili ahesabu bila kuona majibu yako. Hesabu zikitofautiana, rudieni wote wawili.

Hatua ya 4. Pima mwili.

Vaa fulana nyembamba. Pima mzunguko wa kichwa, shingo, kifua, kiuno, nyonga na muundi mahali ulipo mnene zaidi. Kisha pima bega hadi kifundo cha mkono, shingo hadi nyonga, na kiuno hadi kifundo cha mguu. Andika vipimo tisa kwa sentimita.

*Ukaguzi:* pima mara mbili. Tofauti isizidi sm 1.

Hatua ya 5. Nunua kitambaa baada ya kukichoma.

Unahitaji mita 6 za kaki ya pamba tupu, upana wa sm 150, yenye mistari ya mshazari unayoiona ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga. Rangi iwe ya mchanga mkavu. Kaki nyingi za sare za shule zina poliesta. Mkono haujui tofauti, moto unaijua. Omba kipande cha sm 5 kwa 5, kisha:

a) Chomoa nyuzi tatu za urefu na tatu za upana.
b) Shika nyuzi za urefu kwa kibanio juu ya bakuli la maji, uziwashe.
c) Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu ya kijivu yanayopukutika ukiyasugua kwa vidole.
d) Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha tone jeusi gumu.
e) Rudia kwa nyuzi za upana, kwa kuwa kuna vitambaa ambavyo ni pamba upande mmoja tu.

*Ukaguzi:* majivu yamepukutika pande zote mbili. Ukiona hata tone moja, usikinunue; nenda duka lingine.

Hatua ya 6. Fua kabla ya kukata.

Tia alama mbili kwa uzi mwekundu, umbali wa sm 100 kamili, kwa urefu wa kitambaa. Loweka usiku kucha katika maji baridi, fua kwa sabuni ya kipande, anika juani. Pima tena kati ya alama na uandike. Rudia mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vitofautiane kwa chini ya sm 0.5.

*Ukaguzi:* kitambaa kimeacha kurudi. Kikishonwa kabla ya hapo, koti litabana baada ya mvua ya kwanza.

Hatua ya 7. Shonesha koti, suruali na bendi za miguu.

Mpe fundi Picha Rejea, vipimo tisa na masharti haya kwa maandishi:

a) Koti: kifua kiongezwe sm 10. Kola, mifuko na vifungo vifuate Picha Rejea.
b) Suruali: kiuno kiongezwe sm 4, muundi sm 6. Funga kwa vifungo.
c) Bendi za miguu, yaani vitambaa vya kuzungushia muundi: mbili, kila moja mita 2.5 kwa sm 10, na utepe wa sm 80 mwishoni.
d) Uzi wa pamba. Hakuna zipu, vifungo vya plastiki, wala kanvasi ya kubandika kwa pasi. Kingo zikunjwe mara mbili na kushonwa.
e) Mkono wa kushoto ubaki mtupu. Vyeo vilionyeshwa hapo kwa alama nyekundu za umbo la V: moja kwa ombasha, mbili kwa shaush, tatu kwa betshaush, nne kwa sol. Mhusika wako ni askari wa kawaida, hana alama.

*Ukaguzi:* inua mikono juu, chuchumaa, kaa. Hakuna mshono unaokaza.

Hatua ya 8. Tengeneza kofia.

Nunua tarbushi nyekundu ngumu inayolingana na mzunguko wa kichwa. Pata kimo chake hivi: kwenye Picha Rejea ya mbele pima kidevu hadi nyusi, kisha pima kimo cha kofia. Gawanya cha pili kwa cha kwanza. Zidisha jibu kwa umbali wa kidevu chako hadi nyusi zako. Mfano: mm 9 kwa mm 10 ni 0.9; uso wa sm 13 unatoa kofia ya sm 11.7.

Shona gamba la kaki la kuifunika tarbushi yote, na kitambaa kinachoning'inia nyuma kufunika shingo. Mpelekee fundi bati mchoro wa tai wa Kijerumani wa mbele ya kofia, uliokuzwa kwa njia hiyohiyo. Mwambie akate bati jembamba na asugue kingo kwa msasa, kisha umfunge tai huyo kwenye gamba la kofia.

*Ukaguzi:* tikisa kichwa mara tano. Kofia haidondoki, tai hagusi ngozi.

Hatua ya 9. Kamilisha ngozi na vifaa vya kubeba.

Agiza kwa fundi ngozi mkanda wa kahawia wa upana wa sm 4.5, na mikoba ya risasi kwa idadi iliyo katika Orodha. Ngozi iwe ya ng'ombe, unene wa mm 3, uzi uliopakwa nta. Ongeza mkoba wa chakula wa kaki, chupa ya maji ya bati, na blanketi moja la kijivu lisilo na chapa. Viatu vifuate Picha Rejea: vya ngozi ya kahawia vya kamba, soli ya ngozi. Ikiwa askari wa picha yako yuko peku, nawe utembee peku.

*Ukaguzi:* geuza kila kifaa ndani nje. Ondoa nembo na lebo zote.

Hatua ya 10. Chonga bunduki, vaa, kagua.

Vita vilipoanza, kampuni nyingi bado zilikuwa na bunduki ya zamani ya Mauser ya mwaka 1871, ya mm 11, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa moshi uliomsaliti mpigaji. Mwambie seremala achonge mfano wa mbao wenye urefu wa takriban sm 124. Mtutu uwe mbao isiyotobolewa. Usitumie bomba la chuma. Isafirishe ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na ruhusa ya Hatua ya 2.

Vaa kwa mpangilio huu: suruali, viatu, bendi za miguu kutoka kifundoni kwenda juu huku kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini, koti, mkanda, mkoba, chupa, kofia. Acha nyumbani saa, pete za kisasa na simu.

*Ukaguzi wa mwisho:* simama kwa mikao ya Picha Rejea tatu, upigwe picha, kisha uweke picha zako kando ya zile. Mtu wa pili asome Orodha kwa sauti, kifaa kimoja kimoja, akitia alama. Kifaa kisichoonekana katika Picha Rejea yoyote kivuliwe, hata kama ni kizuri na ulikilipia. Safu ya nne ikijaa bila pengo, sare iko tayari kutoka.