Jinsi ya Kuchanganya Mbolea ya Maji kwa Mboga Zisizotumia Udongo

Ukiotesha saladi au mchicha kwenye ndoo ya maji barazani, kilimo kinachoitwa haidroponiki, madini yote ambayo mmea ungeyapata udongoni lazima uyatie wewe. Kazi hii si ngumu, mradi ufuate utaratibu.

Ununue nini? Nenda duka la pembejeo ukaulizie vitu vitatu: NPK ya haidroponiki yenye namba 4-18-38 na madini madogomadogo kama chuma na zinki, nitreti ya kalsiamu, na chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu. Ukipewa CAN badala ya nitreti ya kalsiamu, usiichukue. CAN hufaa mahindi shambani, lakini nitrojeni yake ya amonia ikizidi majini hudhuru mizizi, na chokaa iliyomo haiyeyuki vizuri. Urea na DAP pia hazifai hapa.

Utatumia kiasi gani? Kwa lita 10 za maji, pima gramu 6 za NPK, gramu 3 za chumvi ya Epsom na gramu 6 za nitreti ya kalsiamu. Kwa kipimo hicho, kilo moja ya NPK inatosha zaidi ya lita 1,600, kwa hiyo omba upimiwe nusu kilo au robo, usinunue mfuko mzima. Fedha utakayookoa nunulia mizani ndogo ya gramu, kwa kuwa kijiko hakipimi sawasawa.

Maji gani yanafaa? Ya mvua ni bora. Ya bomba yaache wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi vya mwambao, yaepuke.

Unachanganyaje? Weka lita 9 za maji kwenye ndoo. Tia NPK, koroga mpaka iyeyuke yote, kisha tia chumvi ya Epsom na ukoroge tena. Nitreti ya kalsiamu iyeyushe peke yake katika lita moja iliyobaki, halafu uimimine ndooni mwisho, polepole huku ukikoroga. Usichanganye mbolea hizi zikiwa kavu au nzito: kalsiamu itashikana na fosforasi na salfeti, itokee mashapo meupe ambayo mmea hauwezi kuyanywa.

Sasa pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwa karatasi maalumu. Iwe kati ya 5.5 na 6.5. Namba ikizidi 6.5, tia matone machache ya siki, na upime tena kesho, maana nguvu ya siki haidumu. Miche michanga ipe mchanganyiko uliozimuliwa kwa maji mara mbili.

Funika ndoo isipigwe na mwanga, la sivyo itaota ukijani. Mbolea zilizobaki zifunge zisipate unyevu, mbali na watoto. Badilisha maji kila baada ya wiki mbili, na yale ya zamani mwagilia mgomba au mpapai.