Maswali Kanushi na Viulizo vya Mwisho: Ukijibu "Yes", Umekubali Nini?

Tuseme umemaliza kidato cha nne, na chama cha msingi cha ushirika kimekuajiri kwa muda kuwa karani wa mizani kwenye soko la tumbaku huko Urambo. Mnunuzi mgeni asiyejua Kiswahili anaelekeza kalamu yake kwenye robota moja na kukuuliza:

"This bale hasn't been weighed, has it?"

Unajua kabisa kwamba robota hilo halijapimwa. Unajibu kwa adabu, "Yes, sir." Kichwani mwako umesema, "Ndiyo mzee, halijapimwa." Yeye amesikia, "Limepimwa." Robota linapandishwa kwenye lori bila uzito wake kuandikwa, na mkulima aliyeanza kuhangaika na tumbaku ile tangu ikiwa miche kitaluni anakosa kilo zake kwenye karatasi ya malipo. Hakuna aliyesema uongo hapo. Jibu lililotakiwa ni "No, it hasn't."

Kosa hili halitokani na uvivu wa kusoma. Linatokana na Kiswahili chako kizuri. Lichambue neno "ndiyo": ni "ndi-" ya kusisitiza pamoja na "-yo", maana yake "hivyo hasa ulivyosema". Kwa hiyo anayejibu "ndiyo" anakubaliana na kauli ya aliyeuliza, iwe yakinishi au kanushi. "Hukuja jana?" "Ndiyo, sikuja." Ni jibu safi kabisa. Wajapani nao hujibu hivyohivyo katika lugha yao, basi usidhani ni sisi peke yetu.

Kiingereza hakifuati kauli ya muulizaji. Kinafuata ukweli wenyewe. Kama jambo limetokea, jibu ni "Yes", hata kama swali lilikuwa na "not". Kama halikutokea, jibu ni "No". Tazama:

"Didn't you come to school yesterday?"
Ulikuja: "Yes, I did."
Hukuja: "No, I didn't."

Kamwe usiandike "Yes, I didn't" wala "No, I did" kama jibu la swali la namna hii. "Yes" huenda na kitenzi yakinishi, "No" huenda na kitenzi kanushi. Katika mazungumzo, ukibabaika, iache "Yes" na "No" kabisa, useme ukweli wote: "It hasn't been weighed." Hapo hakuna atakayekuelewa vibaya.

Sasa, kwa nini mtu aulize kwa kukanusha badala ya kuuliza tu "Did you come?" Mara nyingi ni kwa sababu ameshangaa, au alitarajia jambo na hakuliona. "Didn't you hear the bell?" husemwa na mwalimu aliyekukuta nje ya darasa baada ya kengele kulia. Lakini yapo maswali kanushi yasiyo na lawama yoyote, na hapa watahiniwa wengi huteleza. "Won't you sit down?" ni sawa na "Karibu ukae", jibu lake ni "Thank you". "Why don't you take the train?" ni ushauri, kama tunavyosema "Si upande treni tu?" Anayeulizwa hivyo hatakiwi kuanza kujitetea.

Jirani wa maswali haya ni "Do you mind if I open the window?" Halina "not", ila linatega vilevile, kwa sababu linauliza kama utakereka. Ukiwa ndani ya treni ya Kigoma na joto limezidi, ukajibu "Yes" kwa furaha, jirani yako ataliacha dirisha limefungwa. Sema "No, not at all."

Kiulizo cha mwisho

Sisi tuna "sivyo?", "au siyo?" na "au vipi?", na kimojawapo kinatosha kwa nafsi zote na nyakati zote. Ndiyo maana tunabeba "isn't it?" na kuipachika kila mahali: "You come from Kaliua, isn't it?" Utawasikia hata watu wazima wenye kazi zao wakisema hivyo, na wanaeleweka. Kwenye mtihani usiwaige. Sahihi ni "don't you?"

Kiulizo cha Kiingereza, ambacho mwalimu wako hukiita "question tag", hutengenezwa kutokana na sentensi yenyewe. Tafuta kitenzi kisaidizi, kigeuze (yakinishi kiwe kanushi, kanushi kiwe yakinishi), kisha weka kiwakilishi cha mtenda. Kisaidizi kisipoonekana, tumia "do", "does" au "did" kulingana na wakati. Mifano hii inatoka katika historia ya Urambo:

"Mirambo died in 1884, didn't he?"
"The groundnut scheme was abandoned in 1951, wasn't it?"
"Kongwa and Nachingwea were also chosen for the scheme, weren't they?"
"Few groundnuts were harvested, were they?"

Umeiona ya mwisho? Haina "not", na bado kiulizo chake ni yakinishi. Neno "few" lina maana ya uchache unaokaribia kukosa, kwa hiyo sentensi huhesabiwa kuwa kanushi. Ndivyo ilivyo pia kwa "never", "hardly", "seldom", "little" na "nobody". Lakini "a few" na "a little" ni yakinishi. Herufi moja hiyo hubadili kiulizo kizima.

Chunga pia kifupisho cha 's. Katika "She's in Tabora" ni "is", kwa hiyo "isn't she?" Katika "She's gone to Tabora" ni "has", kwa hiyo "hasn't she?" Mengine ni ya kukariri tu: "I am late, aren't I?", "Let's go, shall we?", "Nobody called, did they?"

Jambo moja halionekani kwenye karatasi: sauti. Ikipanda mwishoni, msemaji hajui na anauliza kweli. Ikishuka, anajua tayari na anataka umuunge mkono. Yule mnunuzi wa tumbaku, kama sauti yake ilishuka, alikuwa ameshaona kwamba robota halijapimwa. "Yes" yako ikamtoa kwenye ukweli aliokuwa nao.

Zoezi

Kamilisha 1 hadi 4, kisha jibu 5 na 6.

1. The train from Tabora to Kigoma passes through Urambo, ______?
2. Livingstone never went back to Britain after leaving Kwihara, ______?
3. There's a lot of honey in Tabora, ______?
4. Let's wait for the rain to stop, ______?
5. "Mirambo and Stanley didn't meet in 1871, did they?"
6. Kiti cha pembeni yako kiko wazi. Abiria anauliza: "Do you mind if I sit here?" Unataka akae.

Majibu: (1) doesn't it? (2) did he? Sababu ni "never". Livingstone aliondoka Kwihara mwaka 1872 na kufariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. (3) isn't there? Hapa "there" hubaki kama ilivyo. (4) shall we? (5) "No, they didn't." Mwaka 1871 Stanley alikuwa upande wa Waarabu wa Tabora waliopigana na Mirambo, walikutana ana kwa ana mwaka 1876. Kama uliandika "Yes, they didn't", rudi kwenye robota. (6) "No, not at all."